Je, wajua kwa nini chungwa la Muheza halilipi ushuru wa forodha, na bado bei hupanda?

Fika soko la Kongowea, hapa Mombasa, alfajiri, msimu wa machungwa. Malori yanashushwa na mahamali, matunda yanamwagwa juu ya maturubai, na rangi inayotawala ni kijani. Mgeni hudhani ni mabichi. Menya moja: maji tele, utamu mtupu. Ganda la chungwa hugeuka rangi usiku ukiwa na baridi, na usiku wa Tanga, kama huu wetu, hauna baridi hiyo. Kwa hiyo tunda huiva ndani na ganda likabaki kijani.

Mengi ya haya hutoka Muheza, mkoani Tanga. Hadi Mombasa ni kama kilomita 200, kupitia mpakani, Horohoro upande wa Tanzania na Lunga Lunga upande wa Kenya. Makueni, penye sifa ya machungwa huku Kenya, ni mbali zaidi. Ramani peke yake inatosha kueleza nusu ya safari hii. Nusu ya pili ni kalamu.

Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Machi 2004, ikaanza kutumika Januari 2005. Zao lililolimwa na kuvunwa katika nchi mwanachama halitozwi ushuru wa forodha likiingia nchi mwenzake. Baadhi ya bidhaa za Kenya zilizokwenda Tanzania ziliwekewa miaka mitano ya mpito. Za Tanzania kuja kwetu zilifunguliwa mlango tangu mwanzo. Kinachotakiwa ni cheti cha kuonyesha zao limetoka wapi. Mzigo ukiwa hauzidi dola 2,000, upo utaratibu mwepesi wa cheti kinachotolewa pale pale mpakani, mama mwenye magunia machache asilazimike kumlipa wakala.

Kuna kioja kidogo hapa. Chungwa la Misri, lile la rangi ya machungwa kweli unaloliona supamaketi, nalo husamehewa ushuru, ila kwa mkataba mwingine: COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Kenya na Misri zimo katika eneo lake la biashara huria tangu lilipoanza Oktoba 2000. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka huo huo. Matunda mawili kwenye kapu moja, kila moja na mlango wake.

Sasa, ikiwa forodha hailipwi, mbona bei hupanda? Kwa sababu forodha ni gharama moja tu. Kuna cheti cha afya ya mimea na ukaguzi wa KEPHIS, shirika la Kenya la afya ya mimea, kuna ushuru wa kaunti njiani, ada ya soko, malipo ya hamali, na dalali hasahauliki. Itifaki haikuyafuta hayo.

Halafu kuna muda, na kwangu mimi huu ndio ushuru mkubwa kuliko wote. Lori likilala mpakani, machungwa ya chini yanabonywa na ya juu, joto linafanya kazi yake, na kufika Kongowea sehemu ya mzigo imeshakwenda. Mwenye mali hatakubali hasara hiyo. Ataipandisha juu ya yale yaliyosalimika. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, kisha ikalegeza kwa masharti siku chache baadaye. Mahindi huweza kufunikwa turubai yakangoja barua. Chungwa halingoji barua ya mtu. Ndiyo maana kituo cha pamoja cha Lunga Lunga na Horohoro kina maana kubwa kwa tunda kuliko kwa saruji: maafisa wa nchi mbili hukaa mahali pamoja, na lori husimama mara moja badala ya mbili.

Anayeumia ni mkulima wa Kwale mwenye miti yake michache, mavuno yake yakigongana na malori ya Muheza. Malalamiko yake nayaelewa. Yeye yuko karibu na soko kuliko wote, lakini hapa anayekuja na lori zima ndiye anayetaja bei, na mwenye magunia matatu hufuata.

Upande wa pili wapo mahamali, wasukuma mikokoteni na wachuuzi wa machungwa ya kumenya. Jioni yaliyobonyea hupangwa mafungu na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na wenye vibanda vya sharubati ndio hufika wa kwanza.