Injini kumisi ni nini, na kwenye Impreza ya zamani uanzie wapi

Injini ya petroli inamisi pale silinda inapofika zamu yake ya kuwaka na isiwake, au ikawaka nusunusu. Hewa na mafuta vimeshaingia, pistoni imeshavibana, lakini ule mlipuko wa kuisukuma pistoni chini haukutokea. Zamu hiyo imepotea, na mzigo wake unaangukia silinda nyingine. Dereva anaona gari likitetemeka likiwa limesimama, linasitasita anapokanyaga mafuta, na nyuma ekzosi inatoa mlio uliovunjika pamoja na harufu ya petroli mbichi.

Kila silinda huwaka mara moja kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inapozunguka mara mbili. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, silinda moja inatakiwa kuwaka mara 25 ndani ya sekunde moja. Ikikosa zamu chache utahisi mtikisiko mdogo tu, tena wengine hawaoni kitu. Ikikosa zote, injini ya silinda nne imebaki ya tatu, na hapo hata abiria wa nyuma ataguna.

Nataka lieleweke mapema: kumisi ni dalili, kama ilivyo homa. Fundi akikwambia "gari linamisi" hajakwambia bado linaumwa nini. Anayekimbilia dukani kununua plagi nne (zinazotoa cheche ndani ya silinda) na koili (inayozipa umeme) kabla ya kujua ni silinda gani inayokosa, na inakosa wakati gani, anacheza bahati nasibu kwa pesa yake. Maswali hayo mawili, silinda gani na lini, yana thamani kuliko spea yoyote utakayonunua siku ya kwanza.

Nachukua mfano wa Subaru Impreza WRX na STI za kizazi cha kwanza, zile zinazojulikana kwa namba ya GC8, zilizotengenezwa kuanzia 1992 hadi 2000. Ndizo alizotia heshima dereva wa rali Colin McRae aliposhinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, na Richard Burns naye akashinda na Impreza mwaka 2000. Hadi leo zinapendwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na wenye nazo wanazitunza kwa mapenzi ya kweli. Lakini ni magari ya zamani. Plastiki za soketi zimekauka, mipira ya hewa imepasuka, na mengi yamepitia mikono ya watu walioongeza nguvu bila kupima.

Ili silinda iwake inahitaji vitu vitatu: moto wa kutosha kwa wakati wake, mchanganyiko sahihi wa hewa na mafuta, na kompresheni, yaani ule mbano wa pistoni. Kwa petroli, mchanganyiko unaoungua kikamilifu ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Ukizidisha mafuta sana au ukiyapunguza sana, cheche itaruka na bado hakuna kitakachowaka. Sababu zote za kumisi, hata zile za ajabu, mwishowe zinaangukia kwenye mojawapo ya hivyo vitatu.

Gari lenye tabo, kama Impreza hizi, lina ugumu wake wa ziada. Tabo inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na kadiri hewa inavyobanwa ndivyo umeme unavyopata shida kuruka kutoka ncha moja ya plagi hadi nyingine. Ndiyo maana koili iliyochoka inaweza kufanya kazi vizuri kabisa mjini, kisha ikashindwa mara tu unapokanyaga mafuta kwenye mlima na tabo ikajaa. Kwenye injini zilizoongezewa presha, mafundi wengi hupunguza nafasi ya plagi hadi kati ya milimita 0.7 na 0.8, ili cheche isilazimike kuruka mbali. Ukinunua plagi mpya, pima nafasi hiyo kabla ya kuzifunga. Usiamini kwamba zimetoka kiwandani zikiwa sawa kwa gari lako.

Sasa swali la "lini". Gari linalomisi likiwa limesimama, halafu likaendeshwa likatulia, linakuelekeza kwenye hewa inayopenya pasipo ruhusa, nozeli (ya kumwagia mafuta) iliyo chafu, au valvu isiyofunga vizuri. Linalomisi asubuhi tu, likipata joto likapona, angalia sensa ya joto la maji, na unyevu unaoingia kwenye koili au waya za plagi zenye ufa. Ikiwa ni kinyume chake, yaani gari linaanza kusumbua baada ya injini kuchemka, shuku koili inayokata ikipata moto. Na lile linalosumbua chini ya mzigo peke yake, anza na plagi na koili, kisha pampu ya mafuta, kisha mipira ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo).

Hiyo mipira isidharauliwe. Kompyuta ya GC8 inajua kiasi cha hewa kwa sensa iliyoko kabla ya tabo. Mpira ukichomoka au kupasuka baada ya tabo, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoroka nje, lakini mafuta yanamwagwa kana kwamba hewa yote imefika. Matokeo yake ni moshi mweusi, mafuta kuzidi, na injini kumisi mara presha inapopanda. Kuna watu wamebadilisha koili zote nne kwa tatizo la klipu moja ya mpira iliyolegea.

Swali la "silinda gani" ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu Impreza inajibu kwa namna yake. Injini yake ni boksa: silinda zimelala, mbili kila upande. Ukiwa umekaa kwenye gari ukitazama mbele, namba 1 na 3 ziko kulia, namba 2 na 4 ziko kushoto, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4. Kwenye matoleo yenye koili moja iliyokaa juu katikati ya injini na waya nne za plagi, koili hiyo hutoa moto kwa jozi: 1 pamoja na 2, na 3 pamoja na 4.

Kutokana na hapo, jozi inayokosa inakupa habari kubwa. Zikimisi 1 na 2 pamoja, au 3 na 4 pamoja, nusu ya koili imekufa, au waya unaoiamrisha. Lakini zikimisi 1 na 3, au 2 na 4, umeme hauhusiki sana, maana hizo ni silinda za upande mmoja. Hapo fikiria mkanda wa taimingi ulioruka meno upande huo, au gasketi ya silinda hedi. Ikiwa ni silinda moja peke yake, ni plagi yake, waya wake au koili yake, nozeli yake, au kompresheni yake. Na zikimisi zote bila mpangilio, tafuta kitu kinachozihusu zote: pampu, sensa ya hewa, hewa inayopenya, mafuta machafu.

Kuijua silinda yenyewe si kazi ngumu. Injini ikiwa inazunguka taratibu, chomoa soketi ya nozeli moja na usikilize. Mzunguko ukishuka na mtikisiko ukaongezeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na pasibadilike kitu, umempata mhusika. Wengi hupenda kuchomoa waya wa plagi, mimi napendelea nozeli kwa sababu mbili: ukichomoa waya, umeme wa koili unaweza kukurusha, na petroli isiyochomwa inaingia kwenye ekzosi. Kwenye gari lenye katalisti (kisafisha moshi ndani ya ekzosi), petroli hiyo inaenda kuwakia humo na kuiyeyusha.

Ukishampata, hamisha. Kwenye matoleo yenye koili moja kwa kila plagi, itoe koili ya silinda hiyo uiweke kwenye nyingine. Tatizo likihama nayo, umepata jibu bila kutumia hata shilingi moja. Lisipohama, hamisha plagi. Ukiitoa plagi isome vizuri: nyeusi na kavu ni mafuta kuzidi au moto dhaifu, iliyolowa petroli ni cheche isiyoruka kabisa, yenye oili kwenye uzi wa kufungia imetokana na mpira wa tundu la plagi uliochoka chini ya kava la tapeti. Hili la mwisho ni la kawaida sana kwenye boksa, maana silinda ikilala, oili hujikusanya pale pale koili ilipokaa.

Mashine ya dayagnosi inasaidia, ila ijue mipaka yake. Magari ya Marekani yalilazimika kuwa na mfumo wa OBD-II, wa gari kujipima lenyewe, kuanzia 1996. Humo kompyuta hupima kasi ya kranki, na ikipungua ghafla kwenye zamu ya silinda fulani huandika kodi ya hitilafu: P0301 kwa silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea, na P0300 zikiwa zinakosa ovyo. GC8 iliyotoka Japani haina ukarimu huo. Chini ya dashibodi kuna soketi mbili nyeusi. Ukiziunganisha na kuwasha swichi bila injini, taa ya injini humweka, mmweko mrefu ukihesabika kumi na mfupi moja. Utapata kodi za sensa zilizokufa, hutapata jina la silinda inayomisi.

Tena sensa ya oksijeni inaweza kukudanganya. Silinda isipowaka, oksijeni yake yote inatoka nzima. Sensa inaiona, inaripoti kuwa mafuta ni kidogo, na kompyuta inaongeza mafuta kwenye injini ambayo tayari inanuka petroli. Ukiiamini sensa peke yake utaanza kubadilisha pampu.

Yapo mambo yanayofanana na kumisi na siyo. Mlio wa kukoroma wa Subaru unatokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana, ni afya yake hiyo, ingawa unaweza kuficha silinda inayokosa. Injini ikikata ghafla tabo inapojaa, kama vile umegonga ukuta, huenda kompyuta imekata mafuta kwa kuwa presha imezidi kikomo. Na mlio wa kugonga kama kokoto ni mchanganyiko kuwaka vibaya, siyo kutowaka. Magari haya yalikusudiwa petroli ya Japani yenye oktani karibu 100, na ya vituo vyetu vingi iko chini ya hapo. Ukisikia kugonga, achia mafuta mara moja.

Moto ukiwa mzuri na mafuta sahihi, imebaki kompresheni. Injini iwe na joto, betri iwe na nguvu, plagi zote zitoke, nozeli zizimwe, na pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini wakati wa kupiga starta. Linganisha silinda nne. Tofauti kati yao inasema zaidi kuliko namba yenyewe. Ile mbinu ya kumimina oili kidogo ili kutofautisha ringi na valvu haiaminiki sana kwenye boksa, kwa kuwa oili inatuama upande wa chini wa silinda iliyolala. Afadhali kusukuma hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, valvu zote zikiwa zimefungwa, na kusikiliza inatokea wapi. Ikitokea kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi imeungua. Ikirudi kwenye intakula, ni valvu ya kuingizia. Kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi au pistoni. Mapovu kwenye rejeta, gasketi.

Baada ya matengenezo, lijaribu gari katika hali ileile iliyokuwa ikilisumbua. Lililokuwa likimisi mlimani kwa gia ya nne, lipeleke mlimani kwa gia ya nne, siyo kulizungusha uwanjani kwa gereji. Kisha rudi, acha injini ipoe, utoe plagi ya ile silinda na kuilinganisha na wenzake.