Lile jitu la ukunguni Meru

Juzi kijiweni hapa Arusha kaka mmoja aliniapia kwamba kwenye ukingo wa Mlima Meru, jua linachomoza, alitokewa na jitu la kijivu lenye duara la rangi kichwani. Eti mgeni kutoka ulimwengu sambamba. Alichokiona ni kweli. Maelezo ndiyo yana kasoro.

Jua likiwa chini mgongoni mwako na ukungu mbele yako, kivuli chako huangukia kwenye ukungu huo. Hakuna jiwe wala mti wa kulinganishia umbali, basi jicho hukiona kikubwa kupita kiasi. Ukungu ukisogea, nacho huonekana kutembea. Zile rangi ni mwanga unaorudishwa na matone madogo ya maji, na kila mtu huziona zikizunguka kichwa cha kivuli chake tu, si cha mwenzake. (Nyanyua mkono: jitu nalo litanyanyua.) Ujerumani jambo hili hutokea mlima Brocken, mchungaji na mwanasayansi Johann Silberschlag alilieleza mwaka 1780.

Na ulimwengu sambamba? Katika nadharia ya mwanafizikia Mmarekani Hugh Everett ya mwaka 1957, ulimwengu hugawanyika matawi mengi, na matawi hayo yakishaachana hayatembeleani.