Baridi ya Julai haizimi sola

"Nairobi ni baridi, sola ni ya Garissa na Turkana." Kauli hiyo imezoeleka, ila inachanganya joto na mwanga. Paneli hutengeneza stima kutokana na mwanga. Joto huipunguzia nguvu. Seli zake, vile vipande vinavyonasa mwanga, zikipita nyuzi 25, kila nyuzi inayoongezeka hula takriban asilimia 0.3 hadi 0.5 ya uwezo wa paneli. Nairobi iko karibu na ikweta, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari: mwanga upo, na hewa ni ya ubaridi.

Mawingu ya Julai na Agosti hupunguza stima, tena sana. Ndiyo maana fundi makini hukadiria ukubwa wa mfumo kwa mwanga wa miezi hiyo, si wa Februari.

Adui mkubwa zaidi ni kivuli. Tangi la maji likifunika kona ya paneli moja alasiri, linaweza kushusha safu nzima iliyounganishwa nayo. Shawa ya umeme nayo hunyonya kilowati kadhaa; inveta ndogo, kifaa kinachogeuza stima ya sola iwe ya kutumika nyumbani, haiiwezi. Na mpangaji wa ghorofa ya tatu? Jua analo, paa ni la landilodi.