Kifafa cha mimba sio "ukoo wa mke" peke yake

Kila ikikaribia 22 Mei, siku ya priklampsia duniani (priklampsia ni presha ya mimba inayokuja na protini kwenye mkojo, ikizidi inaleta degedege, ndo watu wanaita kifafa cha mimba), maswali kliniki yanaongezeka, na mwaka huu mengi yamekuja na lawama ileile ya upande wa mume kwa mke, "kwao wanacho, katuletea". Jamani hili tulimalize. Kifafa cha mimba sio kifafa kile cha kawaida, wala mke hajakibeba kwao kama begi.

Shida inaanzia kwenye kondo la nyuma, na kondo linajengwa kwa jeni za mtoto (nasema jeni, yaani vinasaba vya kurithi, sio majini, maana kuna wagonjwa bado wanacheleweshwa kwa waganga), na nusu ya hizo jeni ni za baba. Mwaka 2017 ulitoka utafiti mkubwa uliopima jeni za watoto wenyewe, wakakuta tofauti zinazoendana na ugonjwa huu karibu na jeni inayoitwa FLT1. Hiyo jeni ndo inatoa protini ambayo kondo likiimwaga nyingi kwenye damu ya mama, mishipa yake inaumia, presha inapanda, figo zinaanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Upande wa mama nako kuna vyake: utafiti wa hospitali ya Mulago, Kampala, uliotoka 2015, ulionyesha jeni za KIR za mama, zinazoongoza kinga yake pale kondo linapojishika, zingine zinaongeza hatari na zingine zinamlinda.

Kwa hiyo tukiuliza "mama yako au dada yako alipata?" tutauliza na kwa baba pia, na akina baba msikasirike. Mwanaume aliyezaliwa kwenye mimba ya namna hiyo, au ambaye mwenzi wake wa zamani alipata, mimba ya mkewe inaweza kuwa na hatari zaidi. Muulize mama yako kabla hujamsindikiza mkeo, yeye ndo anakumbuka.

Kipimo cha jeni cha kutabiri hatupimi kliniki, usimlipe mtu anayekuuzia. Tunachofanya ni hiki: njoo mapema na kadi, unakaa dakika tano bila kuongea, mkono umeegemea meza, ndo tunapima presha, ikisoma 140/90 au zaidi tunarudia baada ya masaa manne, na mkojo unapimwa. Mwenye hatari kubwa daktari anaweza kumwandikia aspirini ndogo, miligramu 75 kwa siku, inayotakiwa ianze kabla ya wiki ya 20, sasa wewe ukija na miezi saba tukuanzishie nini? Na usijinunulie dukani, lazima tujue kwanza kama una vidonda vya tumbo au pumu.

Ambaye kwao hakuna historia naye anapata, asijiondoe. Kichwa kisichopoa, macho kuona vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, njoo siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki, hata kama ulishajifungua na mtoto ana wiki tatu.