Kwa nini karavani ya alumini haipigwi nyundo ikibonyea?

Sufuria ikianguka ikabonyea ubavuni, hakuna anayeita fundi. Unaiegemeza kwenye ukingo wa ngazi, unaipigapiga kwa mchi kutoka ndani, na jioni wali unapikwa humohumo. Itabaki na makunyanzi, lakini nani ana muda wa kutazama makunyanzi ya sufuria?

Ndiyo maana mtu akisikia kuwa Marekani kuna mafundi wanaobandua bati zima la karavani ya zamani kwa sababu ya kibonyeo cha ukubwa wa sinia, anadhani ni mbwembwe za wenye pesa. Mbwembwe zimo, siwezi kukataa. Ila sababu yenyewe iko ndani ya bati.

Karavani ninazozisema ni Airstream, zile nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari, zinazong'aa kama kijiko kipya na zenye umbo la boflo. Kampuni ilianzishwa na Wally Byam mwaka 1931, na mwaka 1936 akatoa Clipper, karavani ya mabati ya alumini yaliyoshonwa kwa ribiti, yaani vipini vifupi vya chuma laini vinavyopondwa mkia ili visichomoke. Umbo lake lilitokana na kazi ya Hawley Bowlus, mbunifu wa ndege zisizo na injini, ambaye pia alisimamia ujenzi wa Spirit of St. Louis, ndege ambayo Charles Lindbergh alivukia Atlantiki mwaka 1927. Kwa hiyo damu ya ndege imo tangu mwanzo: chasisi ya chuma chini, mbavu za alumini juu yake, bati nje, bati jingine ndani. Bati la nje halikuwekwa kama shuka la kufunikia mbavu. Linabeba mzigo pamoja nazo. Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo, ukapita hata huku kwetu Kenya, na mtu anayezijua barabara za vumbi na makorongo atakadiria mwenyewe zile ribiti zilitikiswa kiasi gani.

Sasa bati. Nyingi za karavani hizo za zamani zilivikwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya kutengenezea ndege inayoitwa 2024, ambayo ni alumini yenye shaba zaidi kidogo ya asilimia 4 na magnesi kidogo. Familia hii ya aloi ilianzia Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, pale Alfred Wilm alipopasha alumini yenye shaba, akaipoza ghafla majini, akaiacha siku chache, akakuta imekuwa ngumu yenyewe. Chembe za shaba zilikuwa zimejipanga ndani ya alumini na kuzuia tabaka zake zisiteleze. Sufuria ni alumini laini iliyo karibu na kuwa safi, ndiyo maana inavumilia mchi. Hii nyingine imeshafikishwa kwenye ugumu wake, na kila pigo la nyundo linaiongezea ugumu hadi mahali inapochoka na kupasuka.

Hata isipopasuka, kuna hesabu isiyokubali. Chukua kibonyeo cha mviringo chenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 2. Kabla ya ajali, sehemu ile ilikuwa bapa, na eneo lake lilikuwa kama sentimita za mraba 707. Sasa imekuwa bakuli, na eneo la bakuli ni kama 719. Yaani bati limevutika, zimezaliwa sentimita 12 za mraba ambazo hazikuwepo. Ukilisukuma kutoka ndani, hizo 12 zitakwenda wapi? Pembeni kumebanwa na ribiti. Basi bati linavimba kidogo nje, ukiligusa linaingia ndani kwa mlio wa "pwa!", ukiliachia linatoka tena, kama kitako cha debe tupu. Ukilipiga nyundo zaidi unalikanda liwe jembamba na kutanuka zaidi, na zile 12 zinakuwa 15.

Fundi bodi wa magari ya chuma ana dawa ya tatizo hili: anapasha moto sehemu iliyotanuka hadi iwe nyekundu, anaipoza kwa kitambaa chenye maji, chuma kinasinyaa. Alumini haimpi nafasi hiyo. Haiwi nyekundu kwanza ili kumwonya. Inabaki na rangi ileile, kisha ghafla inadondoka. Na kabla haijafika huko, moto utakuwa umekwishaharibu ule ugumu wa Wilm. Kuchomelea nako ni taabu, kwa sababu 2024 hupasuka kwenye mshono inapopoa.

Kilichobaki ni kubandua. Na hapo ndipo ninapowavulia kofia waliozijenga, maana kitu kilichofungwa kwa ribiti kinafunguka kwa ribiti. Kichwa cha ribiti hizi mara nyingi kina kidoti katikati. Fundi anaelekeza ncha ya keekee pale, anatoboa kichwa tu, anakidokoa, kisha anasukuma mwili wake ndani. Mkono ukitetereka, tundu linapanuka, na tundu pana halikubali tena ribiti ya saizi ileile. Mamia ya ribiti, moja moja.

Ila kabla ya hapo inabidi kuingia ndani: kung'oa kabati, bati la ndani, pamba ya kuzuia joto (mara nyingi na kiota cha panya). Lazima nyuma ya bati la nje kuwe wazi, kwa sababu ribiti ngumu hupigwa na watu wawili. Wa nje ana nyundo ya hewa, wa ndani kashika kipande cha chuma kizito mkononi, kakikandamiza kwenye mkia wa ribiti. Nyundo inapiga kichwa, mkia unajiponda dhidi ya chuma. Ribiti ya milimita 3.2 ikipigwa vizuri, mkia wake unakuwa kitufe cha upana wa karibu milimita 4.8 na kimo cha 1.6. Wawili hawa hawaonani. Wanaelewana kwa kugonga bati: kugonga mara kadhaa ni "ongeza", idadi nyingine ni "inatosha". Kazi hii ukiifanya na mtu mliyenuniana, bati litawaumbua.

Bati la zamani halitupwi mapema. Linalazwa juu ya jipya liwe ramani, matundu yananakiliwa, kisha jipya linashikizwa kwenye mbavu kwa vibanio vya muda ili lisihame. Bati la juu lazima lilalie la chini, kama makuti, maji yateremke nje, na katikati ya viungo vinapita vizibo vya kuzuia maji. Ikiwa ni tundu dogo tu, kiraka kinatosha, lakini pembe zake zinaviringishwa, kwa maana ufa hupenda kuanzia kwenye kona kali. Pasipofikika kwa nyuma hutumiwa ribiti ya kuvuta kutoka nje, ambayo kichwa chake hunyolewa hadi kifanane na za kiwandani.

Haya yote ni ubavuni, ambako bati limepinda upande mmoja tu. Mbele na nyuma ni habari nyingine. Pale pamepinda pande zote mbili, na kwenye karavani nyingi za zamani pameundwa kwa vipande kadhaa vilivyovutwa kiwandani juu ya kalibu. Bati bapa haliwi kipande kile kwa kukunja. Wengi humtafuta marehemu mwenzake, karavani iliyooza chasisi, wakamkata kipande. Na wengi zaidi, kwa maoni yangu wakiwa sahihi, wanaacha kibonyeo kilivyo ilimradi hakivuji.

Maana hata ukifanikiwa, jipya linawaka kama kioo kati ya wazee waliofifia. Hamu inayofuata ni kung'arisha karavani nzima lifanane. Lakini bati hili limepakwa alumini safi pande zote mbili, kila upande kama asilimia 5 ya unene, ili kulinda ile aloi ya shaba isiliwe na unyevu. Kwenye bati la milimita 0.8, tabaka hilo ni milimita 0.04 tu, na mashine ya kung'arisha hula humohumo.