Kwa nini jicho la ngisi jitu ni kubwa kiasi kile?

Jicho la ngisi jitu, Architeuthis dux, linafikia upana wa sentimita 27, na mboni peke yake sentimita 9. Nyangumi bluu, mnyama mkubwa kuliko wote duniani, ana jicho la kama sentimita 11 tu. Kipimo hicho cha ngisi kimetokana na picha iliyopigwa Hawaii mwaka 1981: mpira wa kupitishia mafuta ulikuwa umekatiza juu ya jicho lake, na unene wake ndio uliotumika kupimia.

Wengi hudhani jicho hilo ni la kuwindia gizani, na dhana hiyo haikuzuka hivihivi. Mabaharia wa Norwei walisimulia habari za dude la baharini linaloburuza meli. Kisha wavua nyangumi wakawa wanakuta makovu ya mviringo kichwani mwa nyangumi anayetoa ambari (kitu kama nta kinachotumika kwenye manukato), alama za vikombe vya kunatia vya ngisi, ambavyo vina meno pembeni. Wakaamini majitu mawili yamepigana huko chini. Lakini makovu hayo yameachwa na chakula kilichokuwa kikijitetea. Tumboni mwa nyangumi huyo hukutwa midomo migumu ya ngisi isiyomeng'enyeka. Hata ndani ya ambari, bidhaa iliyosafirishwa kwa karne nyingi kutoka pwani ya Afrika Mashariki, vipande vya midomo hiyo huonekana. Tumboni mwa ngisi jitu hukutwa samaki na ngisi wengine. Nyangumi hayumo. Ingawa ngisi jitu ana urefu wa mita kumi na zaidi, ukihesabu na minyiri yake miwili mirefu, yeye ndiye anayewindwa.

Mwaka 2012 Dan-Eric Nilsson wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, na wenzake walipiga hesabu ya kile ambacho macho ya ukubwa mbalimbali yanaweza kuona kwenye kina kinachopita mita 600. Kwa mawindo madogo, jicho likishafikia ukubwa fulani, kuliongeza hakuleti faida ya maana. Faida kubwa ilitokea kwenye jambo moja: kugundua kitu kikubwa mno, kilicho mbali, kinachong'aa kwa nuru hafifu sana.

Nyangumi hatoi mwanga, ila maji ya kina yamejaa viumbe wadogo wanaong'aa wakisukumwa. Aliyepiga kasia usiku wa giza akaona maji yakimetameta ameshawaona ndugu zao wa juu. Mwili wa mita 15 ukipita kati yao huzungukwa na wingu la nuru hafifu.

Mwanga hafifu huja kwa chembe, kama matone ya manyunyu. Tuseme unataka kujua kama upande mmoja wa uwanja unanyeshewa zaidi kidogo kuliko mwingine, nawe una vikombe viwili tu. Kimoja kikipata matone manne na kingine matatu, huwezi kusema lolote. Huenda ni bahati. Sasa weka masinia mawili mapana. Moja likipata matone 400 na jingine 300, shaka imekwisha. Uwiano ni uleule, ila bahati imezidiwa na wingi. Mboni ya sentimita 9 ndiyo sinia: inakusanya chembe za kutosha kutofautisha giza tupu na giza lenye nyangumi, kwa umbali unaozidi mita 120.

Kufikia hapo nyangumi ameshamgundua ngisi kwa mwangwi wa sauti zake, sauti ambazo ngisi hazisikii. Jicho, basi, halimsaidii kujificha. Linampa muda wa kujiandaa kukwepa.

Hoja hii ilipingwa mwaka 2013. Watafiti wengine walisema macho ya ngisi hukua kwa uwiano na mwili, na hili ni jicho la kawaida kwenye mwili mkubwa. Nilsson na wenzake waliwajibu, na mjadala haujafungwa. Hesabu ya mwanga inasimama. Kinachobishaniwa ni kama nyangumi ndiye aliyelikuza jicho.

Huenda jicho hilohilo ndilo lililomfanya ngisi huyo awe mgumu kupigwa picha, kwa kuwa huziona taa za kamera. Mwaka 2012, karibu na visiwa vya Ogasawara, Japani, mtafiti wa bahari Edith Widder alitumia kamera yenye mwanga mwekundu, ambao wanyama wengi wa kina hawauoni, pamoja na chambo cha taa za bluu zinazoiga kiwavi cha bahari, yaani konyeza, kinachong'aa kikishambuliwa. Ngisi akaja. Widder anaamini hakukifuata kiwavi, bali alimfuata yule anayekila.