Je, wajua kwa nini anayejifunza Kiingereza hunakili bila kukusudia?

Katikati ya insha iliyojaa makosa ya sarufi inachomoza aya moja ya Kiingereza kilichonyooka kabisa. Msahihishaji hahitaji programu yoyote kujua kuwa aya hiyo ina mwenyewe. Asichokijua ni jinsi ilivyofika pale, maana huenda mwanafunzi alikaa saa nzima akihangaika kuiandika.

Wapo wanaokopi na kupesti makusudi, na wapo wanaolipa waandikiwe. Hao wanajua wanachofanya, tuwaache. Anayeshangaza ni yule anayeapa kuwa kazi ni yake, na anaapa kwa dhati.

Tuseme kitabu kinasema: “Ukame wa muda mrefu uliwalazimisha wakulima wengi kuyahama mashamba yao na kukimbilia mijini.” Yeye anaandika: “Kiangazi cha muda mrefu kiliwafanya wakulima wengi kuyaacha mashamba yao na kwenda mijini.” Maneno manne yamebadilika, kiunzi cha sentensi ni kilekile. Mwaka 1993 Rebecca Moore Howard, mwalimu wa uandishi nchini Marekani, alieleza tabia hii: kuchukua sentensi ya mtu, kufuta neno hapa, kugeuza sarufi pale, kupachika visawe. Aliiona kwa wanafunzi wake wa chuo, na hoja yake ilikuwa kwamba huo si lazima uwe udanganyifu. Ni hatua ya mtu anayepapasa maandishi ambayo bado hajayamudu.

Kwa anayejifunza lugha, kupapasa huko ni kukubwa zaidi. Kitabu kiko wazi mbele yake, sentensi ameielewa nusu, na kwa kila neno ana kisawe kimoja tu kichwani. Akithubutu kuandika yake, ikikaa kando ya ile ya profesa inaonekana ya kitoto. Halafu kuna mazoea ya darasani: lugha yenyewe amefundishwa kwa kukariri mafungu ya maneno. “Matokeo ya utafiti huu yanaonyesha kuwa” halina mwenyewe, kila mtu analitumia. Sasa nani alimwambia fungu la wote linaishia wapi na sentensi ya mtu inaanzia wapi? Mara nyingi hakuna.

Wengi hudhani kutaja chanzo mwishoni kunamaliza kesi. Hakumalizi. Jina na mwaka vinakiri kuwa wazo ni la fulani. Kwamba maneno nayo ni yake, zinazokiri ni alama za kunukuu.

Kinachosaidia ni kukifunga kitabu. Soma aya mpaka uielewe, funga, jieleze kwa lugha unayoota nayo, kisha andika kwa Kiingereza ulicho nacho. Ndipo ufungue kuhakiki na kuweka rejea. Sentensi itatoka fupi na nyepesi, lakini itakuwa yako. Huu ni ujuzi, na ajabu ni kwamba kozi nyingi hutaja adhabu siku ya kwanza bila kuufundisha.

Uwepesi huo, hata hivyo, umeanza kuleta balaa jingine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha insha 91 za mtihani wa TOEFL, ambao hufanywa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye programu saba zinazodai kutambua maandishi ya akili bandia. Kwa wastani, programu hizo zilidai zaidi ya nusu ya insha ziliandikwa na mashine, kwa kuwa msamiati wake ni wa kawaida na unatabirika. Kisha watafiti wakaiagiza ChatGPT izipambe insha hizohizo kwa msamiati wa wazawa wa lugha. Zilizoshukiwa zikashuka hadi karibu asilimia 12.